Lori la Mchele Linapozimika: Maswali ya Kuuliza kabla ya Kufungua Mkoba



Arusi ya pwani haitimii bila sufuria ya pilau, na Idi haipendezi bila biriani. Katika nyumba nyingi za Mombasa, Kilifi, Malindi na Lamu, mchele unaowekewa akiba kwa shughuli hizo ni pishori ya Mwea. Tunaitambua kwa harufu yake hata kabla chungu hakijafunuliwa. Ila ni wachache wetu wanaoifikiria safari yake. Magunia hupakiwa Wang'uru, chini ya Mlima Kenya, yakapita Makutano, Thika na Nairobi, kisha yakateremka Mtito Andei, Voi na Mariakani. Ni mwendo wa takriban kilomita 600 hata yafike madukani kwetu.

Malori yanayobeba magunia hayo aghalabu si mapya. Mengi ni ya dizeli ya zamani, Isuzu au Mitsubishi, yaliyokwisha kupita mikononi mwa wenyewe wawili watatu. Na nyuma ya lori moja huwapo watu wengi wanaolitegemea: mzee mwenye duka la jumla, kina mama wa chama waliochanga akiba yao, au mjane aliyeachiwa lori hilo kuwa ndilo riziki yake na ya watoto mayatima. Simu inapolia usiku na dereva akasema, "Mama, gari limezima, na fundi aliyepo hapa anasema pampu imekufa, atumiwe pesa," mwenye lori hujikuta njia panda. Akikataa, mzigo utalala njiani. Akikubali bila kuuliza, huenda akalipia pampu nzima ilhali kosa lilikuwa waya uliolegea. Bei ya pampu huweza kumeza faida ya safari nyingi.

Twaandika haya kwa ajili ya huyo aliyeshika simu. Si lazima ajue kushika spana, lakini ni haki yake kujua la kuuliza. Katika lori la dizeli la zamani, hitilafu nyingi za umeme na za mafuta hutokana na mambo madogo ya gharama ndogo, nayo hujulikana kwa kuulizwa kwa mpango, kuanzia jepesi kwenda kwenye zito. Mpango huo ukivurugwa, anayeumia ni mwenye mkoba.

Mwea na njia yake

Mradi wa umwagiliaji wa Mwea, katika kaunti ya Kirinyaga, ulianzishwa na serikali ya kikoloni katika miaka ya 1950, na mifereji yake ya mwanzo ilichimbwa kwa jasho la watu waliozuiliwa wakati wa vita vya Mau Mau. Maji yake hutoka katika mito ya Thiba na Nyamindi. Mbegu iliyoupa jina ni Basmati 370, ambayo sokoni huitwa pishori. Mavuno makubwa huangukia mwishoni mwa mwaka, na hapo ndipo vinu vya Wang'uru hufanya kazi mchana na usiku, na malori yakapanga foleni.

Mahali hapo pana tabia zake. Udongo wa Mwea ni mweusi na mzito. Mvua ikinyesha hunata, na jua likiwaka hugeuka vumbi. Vinuni, makapi ya mpunga hupeperuka hewani na kutua kila mahali. Mzigo wa mchele usipotimia, dereva hupanda hadi Karatina na Nyeri kutafuta viazi na kabichi, na huko alfajiri ya mwezi wa Julai huwa na baridi ambayo mtu wa pwani huikumbuka kwa muda mrefu. Kisha lori hurudi kwetu, kwenye joto na hewa ya chumvi.

Basi lori hilo huishi katika hali tatu za hewa, na kila moja ina maradhi yake. Vumbi na makapi huziba pumzi ya injini. Baridi hufichua udhaifu wa betri. Chumvi ya bahari hula vichwa vya betri na ncha za nyaya kimyakimya, na madhara yake huja kuonekana kule mlimani, siku lori linapokataa kuwaka. Ndiyo sababu dereva hudhani ugonjwa umeanzia Nyeri, kumbe ulianzia Mombasa.

Injini ya dizeli inataka nini

Injini ya petroli huwashwa kwa cheche. Ya dizeli haina cheche. Hubana hewa mpaka ikawa ya moto sana, kisha dizeli hunyunyizwa ndani ya hewa hiyo na kushika moto yenyewe. Kwa hiyo yahitaji mambo matatu: hewa safi ya kutosha, dizeli safi isiyo na maji wala mapovu ya hewa, na kuzungushwa kwa kasi inayotosha kuileta ile hewa kwenye joto lake.

Umeme huingia wapi? Katika malori ya zamani yenye pampu isiyo na kompyuta, umeme huzungusha stata, huwasha taa, na kwa mengi yake hushikilia wazi kilango kidogo juu ya pampu kinachoruhusu dizeli kupita. Umeme huo ukikatika, kilango hufunga na injini hufa, hata kama tangi limejaa na pampu ni nzima kabisa.

Kutokana na maelezo hayo tunapata maswali matatu ya kuuliza kwa simu, kabla ya jambo lolote la fedha.

La kwanza: "Lilizimika ghafla, kama taa iliyozimwa, au lilianza kwa kukohoa na kupoteza nguvu?" Kufa kwa ghafla huelekeza kwenye umeme, hasa waya wa kile kilango. Kukohoa na kudhoofika huelekeza kwenye dizeli isiyofika sawasawa.

La pili: "Ukiwasha, stata inazungusha injini, tena kwa kasi ya kawaida?" Ikiwa haizungushi, pampu haijaingia katika mazungumzo bado.

La tatu: "Injini inapozungushwa, moshi unatoka nyuma? Ni wa rangi gani?" Kusiwe na moshi hata kidogo, dizeli haifiki ndani. Ukitoka moshi mweupe, dizeli inafika lakini haiungui, labda kwa baridi au kwa kuzungushwa polepole. Moshi mweusi gari linapotembea waonyesha kwamba dizeli ni nyingi kuliko hewa, na katika lori lililotoka vinuni Mwea, la kwanza kutazamwa ni chujio la hewa lililojaa makapi.

Stata isipozungusha

Malori mengi ya namna hii hutumia volti 24, zinazopatikana kwa kuunganisha betri mbili za volti 12 moja baada ya nyingine. Betri moja ikidhoofika, zote mbili huonekana mbovu. Kipimo cha volti, ambacho mafundi hukiita mita, ni kifaa kidogo kisicho ghali, na kila lori lastahili kuwa nacho. Betri nzima iliyopumzika huonyesha karibu volti 12.6, zote mbili pamoja, karibu 25. Moja ikisoma 12.6 na ya pili 11.8, tumempata mgonjwa, na hakuna haja ya kulaumu stata.

Pasipo mita, taa za mbele zatosha. Dereva aziwashe, kisha ajaribu kuwasha gari huku utingo akizitazama. Taa zikififia sana, ama betri ni dhaifu, ama mahali fulani umeme unapita kwa taabu, ama stata imekwama. Taa zikibaki na nuru yake na stata ikakaa kimya, umeme hauifikii stata. Basi zitazamwe fyuzi, swichi ya ufunguo na waya mwembamba unaokwenda kwenye stata.

Sababu ya kawaida kuliko zote ni ya aibu kwa udogo wake: uchafu wa kijani au mweupe kwenye vichwa vya betri, na waya wa athi uliolegea. Waya wa athi ndio unaorudisha umeme kutoka kwenye mwili wa gari na injini hadi kwenye betri. Umeme ni kama maji ya mfereji wa Mwea: hautoshi kufunguliwa upande wa kuingia, lazima pawe na njia ya kutokea. Watu hukagua waya mwekundu na kuusahau mweusi. Mwenye mita aweke ncha moja kwenye kichwa hasi cha betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha stata izungushwe. Kipimo kikipita nusu volti, njia ya kurudi ina kikwazo, nayo hutibiwa kwa kufungua, kusugua mpaka chuma king'ae, na kukaza upya.

Dawa ya vichwa vya betri imo jikoni mwetu. Nyaya zikishafunguliwa, vijiko viwili vya magadi soda katika maji ya moto, vikimiminwa taratibu, huuondoa ule ukoko; mtu achunge tu maji hayo yasiingie ndani ya betri. Kisha huoshwa kwa maji safi, hukaushwa, hukazwa, na kupakwa mafuta ya mgando ili hewa ya chumvi isirudi kula. Kazi hiyo ikifanywa kila mwezi hapa pwani, simu nyingi za kutoka mlimani hazitapigwa.

Betri ikiwa nzima lakini inakufa kila baada ya siku mbili, yamkini haichajiwi. Injini inapozunguka, mita juu ya betri zote mbili yapasa kusoma karibu volti 28. Ikibaki 25 na kuteremka, alternata haitoi umeme. Hapa napo tuanze na jepesi: mkanda uliolegea, waya uliochomoka, fyuzi iliyoungua. Ipo na sababu moja ambayo wengi hawaijui. Katika alternata nyingi za zamani, umeme wa kuiamsha hupitia katika ile taa ndogo nyekundu ya betri iliyo mbele ya dereva. Globu yake ikiungua, alternata huweza kukataa kuchaji ingawa haina ubovu wowote. Taa hiyo yapasa kuwaka ufunguo unapofunguliwa na kuzimika injini inapowaka. Isipowaka kabisa, globu itazamwe kabla alternata haijashushwa.

Tuongeze onyo juu ya redio. Vijana hupenda kuiunganisha redio ya volti 12 kwenye betri moja tu kati ya mbili. Betri hiyo hunyonywa kila siku kuliko mwenzake, mpaka moja ikafa na nyingine ikaharibika kwa kuchajiwa kupita kiasi. Kiko kifaa cha kupunguza volti 24 kuwa 12, na bei yake haifiki ya betri.

Injini inazunguka lakini haiwaki

Sasa tufuate dizeli kutoka ilipo hadi inapokwenda, bila kuruka hatua: tangi, bomba, chujio, pampu, nozeli. Fundi anayeanzia mwisho wa njia hiyo ameanza pasipo.

Tangini, kwanza ihakikishwe kwamba dizeli imo kweli, kwani geji za zamani husema uongo. Kisha kifuniko. Tangi lahitaji kupumua; kadiri dizeli inavyopungua, hewa yapasa kuingia mahali pake. Kitundu cha hewa kikizibwa na tope la Mwea, lori hutembea kilomita kadhaa, hupungua nguvu na kuzimika. Likipumzika kidogo huwaka tena, kisha mchezo ukarudi. Dereva alegeze kifuniko. Akisikia hewa ikivutwa ndani kwa sauti, na gari likawaka na kwenda vizuri, tiba yake ni kusafisha kitundu, wala haihitaji senti ya vipuri.

Baada ya tangi ni bomba na mipira yake. Watu hutafuta mahali panapovuja, wakiona pakavu hutosheka. Lakini sehemu ya kati ya tangi na pampu huvuta; mpira ukiwa na ufa, hautoi dizeli nje bali huingiza hewa ndani. Pakavu hapamaanishi pazima. Dalili yake ni gari linalowaka vizuri likiwa limetoka kazini, lakini likilala usiku huchukua muda mrefu kuwaka asubuhi, kwa sababu dizeli imerudi tangini na hewa imeshika nafasi yake. Klipu zikazwe, mipira mikavu yenye nyufa ibadilishwe.

Hewa iliyokwisha kuingia hutolewa kwa pampu ndogo ya mkono iliyo karibu na chujio. Skrubu ya kutolea hewa hulegezwa, pampu husukumwa mpaka mapovu yakome na dizeli tupu itoke, kisha skrubu hukazwa. Pampu ya mkono ikiwa ngumu, dizeli imejaa. Ikibaki laini hata baada ya kusukumwa mara nyingi, hewa bado yaingia mahali fulani, au valvu za pampu hiyo ndogo zimechoka.

Uko mtihani mmoja unaomaliza ubishi. Dizeli safi hutiwa katika dumu, dumu likawekwa juu zaidi ya pampu, na mpira safi ukaunganishwa moja kwa moja kutoka dumuni. Injini ikiwaka na kuzunguka vizuri, basi pampu na nozeli ni nzima, na kosa limo nyuma, baina ya tangi na mahali tulipounganisha. Fundi anayedai pampu imekufa aombwe kwa upole afanye mtihani huu kwanza. Mkweli hatakasirika.

Na kama lori lilikufa ghafla, kile kilango cha umeme kijaribiwe. Ufunguo unapofunguliwa, mtu aliyesimama karibu na pampu husikia mlio mdogo. Pasipo mlio, itazamwe fyuzi yake na waya wake. Mitikisiko ya barabara hulegeza ncha hiyo, na kuirudisha mahali pake ni kazi ya dakika moja. Baadhi ya malori yana mota ndogo inayovuta mkono wa kuzimia badala ya kilango; hiyo nayo huweza kukwama upande wa kuzima.

Maji chini ya lundo

Twajua sote kisa cha Mtume wetu (S.A.W.) alipopita sokoni, akatia mkono wake ndani ya lundo la nafaka, na vidole vikagusa unyevu uliofichwa chini. Muuzaji alisema ni mvua. Mtume akamuuliza mbona hakuiweka ile iliyolowa juu watu waione, na akaonya vikali juu ya mwenye kughushi. Tunakitaja kisa hiki kwa kuwa tangi la lori lafanana sana na lundo lile. Maji ni mazito kuliko dizeli, nayo hukaa chini, mahali ambapo jicho halifiki na ambapo bomba huchota.

Maji hayo si lazima yatokane na udanganyifu. Tangi lililo nusu likilala katika baridi ya Nyeri, unyevu wa hewa iliyomo hugeuka matone na kuzama. Kwa hiyo desturi njema ni kujaza tangi jioni badala ya asubuhi, na kufungua skrubu ya chini ya chujio kila juma ili maji yatoke. Kilichotoka kitiwe katika chupa ya kioo na kuachwa nusu saa. Mstari ukijitenga chini, hayo ni maji, na shahidi huyo ahitaji tafsiri ya mtu.

Ghushi ya mafuta ya taa ni ngumu zaidi kuonekana. Sehemu za ndani za pampu hulainishwa na dizeli yenyewe. Mafuta ya taa ni mepesi na hayalainishi vya kutosha, hivyo chuma hukwaruza chuma mpaka pampu ikachakaa kabla ya wakati. Tofauti ya bei ndiyo iliyokuwa kishawishi, na mwaka 2018 serikali ya Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kukiondoa. Tozo hiyo iliwaumiza pia wanaopikia na kuwashia taa mafuta hayo, ambao hawakumghushi mtu. Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli (EPRA) hukagua vituo kwa kupima alama ya kemikali inayotiwa katika mafuta ya taa na katika mafuta yanayopita kwenda nchi jirani. Sisi wenye malori ulinzi wetu ni wa kawaida: kununua kwenye kituo kinachojulikana, kudai risiti kila safari, na kukataa dizeli ya dumu inayouzwa kando ya barabara kwa bei isiyoeleweka. Na dereva anayenyonya dizeli tangini na kujazia kitu kingine ajue kwamba Surat al-Mutaffifin, iliyoteremshwa juu ya wenye kupunja vipimo, haikuishia kwenye mizani ya nafaka.

Pasipo na mchezo

Yako mambo ambayo hatuyaruhusu hata kama mzigo unasubiriwa arusini. Fyuzi iliyoungua isibadilishwe kwa kipande cha waya; fyuzi hufa ili gari lisiungue. Petroli isichanganywe na dizeli, wala dawa ya kupuliza isitumiwe ovyo kulazimisha injini iwake, hasa yenye plagi za joto, kwani huweza kulipuka. Dizeli inayotoka kwenye bomba za nozeli ina nguvu ya kupenya ngozi kama sindano. Aliyepenywa apelekwe hospitali mara moja, hata kama kidonda ni kidogo na hakiumi. Betri inayochajiwa hutoa gesi inayowaka, basi sigara na kiberiti viwe mbali, na nyaya zinapofunguliwa uanze ule hasi na uwe wa mwisho kurudishwa. Juu ya yote, lori lililozimika usiku liondolewe barabarani ikiwezekana na pembetatu za kuakisi ziwekwe mbele na nyuma kwa umbali wa kutosha. Mchele uliochelewa utapikwa kesho. Mtoto wa mtu aliyegonga lori lisilo na alama hatarudi.

Fundi na amana

Tumesema mengi juu ya kujihadhari, nasi hatutaki kuwadhulumu mafundi. Wengi wao katika gereji za Makutano, Sagana na Karatina wamelelewa na malori haya, na hulisikiliza lori kwa sikio ambalo mita haina. Ila fundi mwema hutendewa vyema zaidi na mteja anayejua anachokilipia.

Tunapendekeza desturi nne. Kwanza, kibadilishwe kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha gari lijaribiwe. Vikibadilishwa vitano pamoja, hakuna ajuaye kipi kilikuwa kibovu, na vyote vitalipiwa. Pili, kifaa cha zamani kirudi nyumbani na lori. Tatu, bei na kazi viandikwe kabla kazi haijaanza. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Surat al-Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Tukiisoma majumbani, tuitumie na gerejini. Nne, lori liwe na daftari lake: tarehe ya kila chujio, kila betri, kila tangi lililojazwa na mahali lilipojazwa. Kazi hii kina mama wanaiweza vizuri, kwani ndio wanaotunza daftari za vyama na hesabu za nyumba. Baada ya miezi sita daftari hilo litasema mambo ambayo dereva, utingo na fundi wote wameyasahau.

Kwa mjane aliyerithi lori pamoja na mayatima, daftari hilo lina uzito zaidi. Fedha inayolipia kipuri kisichohitajika imetoka, kwa sehemu, katika haki ya watoto, na mali ya yatima ni jambo ambalo dini yetu haikulichukulia kwa wepesi. Siku watakapobaleghe na kuuliza, jibu liwe limeandikwa.

Kuna wanaosema kuwa ukaguzi wa namna hii wapunguza tawakkul. Wasia wa Mtume (S.A.W.) kwa yule mwenye ngamia ulikuwa amfunge kwanza, kisha amtegemee Mola wake. Basi kabla lori halijatoka uani, vichwa vya betri vitazamwe, maji ya chujio yamwagwe, chujio la hewa likung'utwe makapi, mkanda ubonyezwe kwa kidole, taa zote ziwashwe, na daftari litiwe saini. Ni kazi ya robo saa. Baada ya hapo dereva asome dua ya safari, utingo aitikie Amin, nasi tuliobaki nyumbani tuwaombee wafike Wang'uru na kurudi kwa salama.